Mkia wa Kondoo wa Mwinjilisti

Hapo zamani, kabla kanisa letu halijaezekwa bati, ukungu ulishuka mlimani ukakataa kuondoka. Maharage yakaoza shambani. Mwinjilisti Eliamani akasema Mungu atatuokoa, ila tutii kwanza. Watu wote wafunge. Moto usiwashwe katika nyumba yoyote mpaka jua litoke. Atakayewasha, atatengwa na Meza ya Bwana. Mzee Sefania, mpiga kengele, asiguse kamba mpaka mwinjilisti arudi. Na Damari, mke wa mwinjilisti mwenyewe, apige magoti kanisani, asiinuke hata nyumba ikiungua. Ingeunguaje, na moto umekatazwa? Hakuna aliyeuliza.

Basi Eliamani akapanda mlimani kuomba peke yake. Akaomba, akamaliza. Kushuka sasa, haoni hata vidole vyake.

“Jamani! Nimepotea! Nisaidieni!”

Damari alimsikia. Akalia, lakini magoti hayakuinuka.

Sefania alimsikia. Akaitazama kamba, kamba ikamtazama.

Nakijwa hakusikia kitu. Huyu ni mjane, nyumba yake peke yake upande wa mlima, ng'ambo ya korongo. Alikuwa anakaanga vitunguu vya kutia kwenye kande, na kelele za mafuta zilimziba masikio.

Eliamani akateleza, mguu mmoja ukaning'inia korongoni. Akaapa: “Bwana, ukinitoa hapa, nitachinja kondoo wangu, na mkia, kipande cha heshima, nitampa yule uliyemtumia kuniokoa!” Ndipo harufu ya vitunguu ikamfikia. Akaifuata akitambaa mpaka mlangoni kwa Nakijwa. Akala bakuli zima. Akaongezwa. Alipokwisha kulamba kijiko ndipo akauliza:

“Dada Nakijwa, nani amekuruhusu kuwasha moto?”

“Njaa, Mwinjilisti. Nikuongeze?”

Akaongezwa.

Asubuhi jua likatoka. Jumapili kondoo akachinjwa, mkia ukachomwa, ukawekwa kwenye jani la mgomba mbele ya wazee wa kanisa.

Damari akasema: “Mkia ni wangu. Mume wako analia mlimani nawe huinuki, mnadhani ni mchezo? Nilitii mpaka magoti yakachubuka. Mungu alijibu maombi ya nani, kama si yangu?”

Sefania akasema: “Mama, pole na magoti. Lakini kanisa liko huku, yeye alikuwa kule, korongo katikati. Ningepiga kengele angeifuata, na leo tungekula kondoo wa matanga. Kutii kwangu ndiko kulikomwokoa.”

“Uliyajua hayo siku ile?” Nakijwa akamuuliza.

“Sikuyajua. Ningeyajua, kungekuwa kutii huko?”

Nakijwa akasema: “Haya. Mimi sikutii, nilikuwa na njaa. Ila huyu alifuata nini kwenye ukungu, magoti yenu au vitunguu vyangu?”

Mzee mmoja wa kanisa akakuna kichwa. “Dada, wewe kwa amri ile umetengwa. Mkia wa shukrani tunampaje aliyetengwa?”

“Basi mtengeni pia aliyekula.”

Eliamani akakohoa. “Ndugu zangu, aliyeniokoa ni Mungu.”

“Sawa,” akasema Nakijwa. “Akija kuuchukua, mpeni.”

Mafuta ya mkia yakaanza kuganda.

Ninyi mnaocheka, nijibuni: je, nani alistahili mkia? Na ukinitajia Nakijwa, niambie kabisa na Jumapili ijayo akae wapi: ndani, kwenye Meza ya Bwana, au nje na sufuria yake?