Makofi Yasiyo na Mikono

Wapendwa, kaeni. Leo nina mfano wa binti mmoja wa chuo kikuu. Msianze kunong'onezana ni wa nani. Nimemtunga mwenyewe, na bado nahofia baadhi yenu mtamtambua.

Binti huyu alikuwa mrukaji. Ule mchezo wa kukimbia, kukanyaga ubao na kurukia kwenye mchanga. Kuruka ndiko kulikompa nafasi chuoni, na ndiko kulikomweka kwenye kalenda ya chuo, mwezi wa sita, akiwa hewani. Wasioujua mchezo wenyewe wajue jambo moja. Mrukaji, kabla hajaanza mbio, huinua mikono juu ya kichwa na kupiga makofi polepole. Watazamaji humwitikia. Pa. Pa. Pa. Akianza kukimbia, nao huongeza kasi, pa-pa-pa-pa, mpaka miguu yake na viganja vyao vinakuwa kitu kimoja. Akishakanyaga ubao, kimya. Uwanja mzima unashika pumzi.

Asubuhi moja alikuwa peke yake uwanjani, akisawazisha mchanga kwa reki. Akasikia nyuma yake: pa. Pa. Pa. Akageuka. Jukwaani hapakuwa na mtu, kunguru tu wanachokora maganda ya karanga. Akajiambia ni turubai linapigwa na upepo. Akatazama bendera ya chuo. Ilikuwa imelala.

Tangu siku hiyo yakawa yanamfuata. Akiwa bafuni, yanatoka nyuma ya maji. Akiwa kwenye ukumbi wa mitihani, wenzake wameinamia karatasi, yeye anasikia watu wanamngoja. Wala hayakuwa makofi ya fujo. Yalikuwa ya adabu, yenye subira, kama ya watu waliowahi mapema wakapata viti vizuri.

Akamwendea kocha wake. "Kocha, nasikia makofi hata uwanja ukiwa mtupu."

Kocha akacheka, akamgonga begani. "Hiyo ndiyo njaa ya ushindi, bingwa. Wenzako wanaitafuta hawaioni. Itumie."

Sasa tusimwonee kocha. Binti alipoteguka kifundo cha mguu, ni kocha huyu huyu aliyembeba mgongoni hadi zahanati, jasho linamtoka. Mguu ukapata daktari, barafu na bandeji, na kila aliyepita alisema pole. Kichwa kilipouma, kilipata neno moja: itumie. Ninyi mnaona sawa?

Akaja kanisani. Ndiyo, kanisani, na msitazame dirishani, halikuwa la jirani. Wakati wa shuhuda akapita mbele, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Bwana asifiwe. Naomba mniombee. Nimechoka. Nasikia makofi pasipo na watu."

Mnadhani alijibiwa nini? Mzee wa kanisa alichukua kipaza sauti, uso unang'aa. "Hao ni malaika, binti yangu, wanakushangilia. Hebu tuwasaidie malaika kazi. Pasheni mikono moto, tumpigie bingwa wetu makofi ya nguvu."

Na kanisa likapiga. Mnajua tulivyo, kwa makofi hatuna mpinzani. Yeye akatabasamu, kwa sababu amelelewa vizuri, akarudi kukaa. Neno "nimechoka" alirudi nalo vile vile.

Basi pale chuoni palikuwa na mshauri nasaha. Walimpa chumba nyuma ya stoo ya mipira, na wanamichezo walikijua vizuri chumba hicho, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akihakikisha haonekani akitoka humo. Binti akasukuma mlango, akajifanya amepotea.

"Samahani mama, nilikuwa natafuta mikuki."

"Mikuki ni mlango wa pili," akasema mshauri, mama wa makamo, anamenya chungwa. "Lakini wewe nakujua kwenye kalenda, na pale hukushika mkuki. Kaa tugawane."

Akakaa. Akaeleza. Mshauri hakushangaa wala hakucheka. Akauliza, "Yanapigwa hata sasa?"

"Ndiyo."

"Polepole au kasi?"

"Hapa ni polepole."

"Na wapi huwa kasi?"

Binti akageukia dirisha. Ng'ambo ya uwanja lilionekana bweni lake, ghorofa ya tatu, kibaraza chenye nguo zimeanikwa, jua linawaka. "Pale," akasema. "Kila nikiusogelea ule ukuta wa kibaraza."

Mshauri akaweka chungwa chini. Hakukemea pepo, hakukimbilia Maandiko. Aliuliza lile swali tunaloliogopa sisi, kana kwamba kulitamka ni kulifungulia mlango. "Mwanangu, unataka kufa?"

"Hapana, mama. Nataka waache."

"Huwa wanaacha lini?"

"Nikisharuka."

Naona mmenyamaza. Vizuri.

Mshauri hakumwacha arudi kule juu peke yake. Alikwenda naye kwa daktari, akamtafutia kitanda chumba cha chini, akakaa naye hadi mama yake mzazi alipofika. Mama akafika amependeza, na amekasirika. "Mwanangu hana wazimu," akasema kabla hajakaribishwa kiti. "Mwanangu anakwenda mashindano ya taifa."

"Hakuna aliyesema wazimu, dada," akajibu mshauri. Akamgeukia binti. "Msimulie mama. Hayo makofi, ukiyasikiliza vizuri, yakoje?"

Binti akafumba macho. "Kuna viganja vizito, kama vya kocha. Kuna anayepiga huku ameshika kipaza sauti. Wengine siwajui, wako wengi. Lakini kuna mikono inayoanza, ndipo wote wanafuata." Akafumbua macho. "Hiyo ina bangili, mama."

Mama mzazi akatazama mikono yake. Akazivua bangili moja moja, akaziweka mezani kando ya maganda ya chungwa, nazo zikalia kidogo, kisha zikatulia. "Na sasa?" akauliza.

Binti akasikiliza.

"Mmoja ameacha," akasema.

Wapendwa, mfano umeishia hapo. Najua mnachongoja. Mnangoja niseme alirudi uwanjani akavunja rekodi, ili mpate pa kupigia makofi. Mmeona tulivyo? Hata baada ya kuambiwa yote haya, bado tunamtaka aruke. Sijui kama aliruka tena. Ninachojua ni kwamba anatumia dawa alizopewa, na kwamba huenda nyuma ya stoo ya mipira mchana kweupe, na akitoka hatazami nani anamwona.

Kiswahili kilikwisha kutuonya. Kati ya kupigwa makofi na kupigiwa makofi pana herufi moja tu, tena ile nyembamba kuliko zote. Sisi tuna watoto vyuoni, wengine wanakimbia, wengine wanacheza mpira, wengine wanatubebea jina la ukoo. Je, kuna hata mmoja aliyewahi kutuambia amechoka, tukamsikia? Au tulimwitikia kwa vigelegele, tukaongeza kasi?

Hapa kwetu mhubiri akimaliza hupigiwa makofi. Leo nawaomba, mikono iwe magotini. Tukae kimya kidogo. Na kama yupo humu ndani atakayesikia makofi katika kimya hiki, mikono yetu yote ikiwa imetulia, aje anishike mkono tukitoka. Nitampeleka mwenyewe kwa mtu anayejua kusikiliza. Njiani sitamwambia kwamba ni malaika.