Kiboko na Maharage ya Siku Tatu

Paukwa?

Pakawa!

Pakawa chungu, chungu kikawa jikoni, jikoni kukawa na moshi, na moshi ukamliza aliyepika, haukumliza aliyekula. Sogeeni basi. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, ama ugawe ama uache, maana hadithi ya leo ni ya chakula na mimi sitaki kusimulia huku nameza mate.

Hapo zamani, wakati wanyama wote walipika na aliyekula kibichi alikuwa mvivu tu, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye majabali, mnene mnene, asiye na mkia wa kujivunia. Pimbi wetu alikuwa mjane mwenye watoto watatu, Kokwa, Punje na Pumba, na mwaka ule jua lilikuwa kali kwelikweli. Ndani kwake kulibaki debe moja tu la maharage. Debe hilo ndilo lingewafikisha kwenye mvua. Na hata mvua ikija, shamba lake halikuwa limelimwa; udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, na jembe lilikuwa zito kuliko Pimbi mwenyewe. Kila asubuhi alilitazama debe, akalitazama shamba, akawatazama watoto, na moyo ukamwuma.

Haya yote angeyaweza, kama si Kiboko.

Kiboko alikaa mtoni, chini ya majabali yale. Nyasi za kule ukingoni hakuzigusa. Alisema nyasi ni chakula cha asiye na jirani mwenye chungu. Wala msimwite mwizi, neno hilo lilimuudhi sana. "Mimi si mwizi," alikuwa akisema, "mimi ni mgeni." Na kweli hakuvunja sheria hata moja. Sheria ya nchi ile ni hii hii yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; na mgeni hula kwanza, mwenyeji hula kilichobaki. Basi Kiboko alikuja siku ya kwanza, akala. Akaja siku ya pili, akala. Siku ya tatu, siku ya jembe, akabaki mtoni anakoroma. Siku ya nne akapanda tena, hodi hodi, mgeni mpya kabisa! Mwizi angetimuliwa kwa mawe na kijiji kizima, lakini mgeni utamtimuaje? Kwa ujanja huo alikwisha kummaliza Kanga, akammaliza Kobe, akammaliza Nungunungu. Wote walibaki na vyungu vitupu na sifa ya ukarimu.

Asubuhi moja majabali yakatikisika. Tindi, tindi, tindi.

"Hodi, Mama Kokwa."

Pimbi akaitika karibu, angesema nini? Kiboko akaketi, akajaza ua mzima, akauliza kuna nini cha kutia tumboni. Pimbi akamwambia ukweli: kuna maharage, ila hayajalowekwa, na maharage makavu ukiyapika harakaharaka hayana wema tumboni. Kiboko akasema tumbo ni lake. Pimbi akasema tena kwamba kuni ni chache. Kiboko akasema basi, yachemshwe kidogo, yeye hana makuu.

Pimbi akachemsha bakuli moja. Kiboko akala. Kokoto, kokoto, kokoto, yalilia meno. Akashushia mtungi mzima wa maji, akarudi mtoni anajipigapiga tumbo.

Jua lilipofika utosini, tumbo likaanza mazungumzo. Guru. Guru-guru. Guru-guru-guru. Maharage yalikuwa yamekunywa maji ya mtungi, sasa yanavimba. Kiboko naye akavimba, akaelea juu ya mto, akijaribu kuzama hazami. Kisha puuuuu, akasukumwa mpaka ng'ambo. Puuuuu, akarudishwa ng'ambo hii. Kambare wakahamia matopeni wakiziba pua ambazo hata hawana. Msicheke, hili ni jambo la afya.

Kule juu ya jabali Pimbi alisikia kila puu. Alisikia, akafikiri, akatabasamu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu jua lianze.

Kiboko alilala siku tatu. Alipopanda tena alikuwa amepauka, na akamlaumu Pimbi kwamba alitaka kumuua. Pimbi akampa pole nyingi, akamkumbusha kwa upole kwamba alimwonya. Halafu akamketisha akamfunda. Chakula, alisema, si kujaza tumbo tu, chakula ni lishe. Mtu mzima mwenye heshima zake anakulaje kama mhuni? Siku ya kwanza maharage yalale majini, na maji hayo yamwagwe, maana ndiyo yanayobeba ule upepo. Siku ya pili yafunikwe kwa majani mabichi ya mgomba mpaka yachungulie vimea, kwani mbegu ikiota, lishe yake inaamka. Siku ya tatu yapikwe, nayo huiva upesi kwa kuni chache. Kiboko akauliza kwa nini yasilowekwe kabla yeye hajafika. Pimbi akashika kifua: kumlowekea mgeni ambaye hajapiga hodi ni kumwita mroho mbele ya watu. Aibu hiyo yeye hawezi kumtia Bwana Kiboko.

Na ubaya wa Pimbi ni huo, hakusema uongo hata neno moja. Labda lile la mwisho.

Kiboko akaukumbuka ule mto, ng'ambo hii na ng'ambo ile, akakubali. Akangoja. Jua likapanda, jua likashuka.

"Maharage yako wapi, Mama Kokwa?"

"Yamelala majini, mgeni wangu."

Siku ya pili akaja tena.

"Yameamka?"

"Yameamka, yanaota."

"Yakishaota?"

"Yanapikwa."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho ilikuwa siku ya jembe. Kiboko akalitazama jembe lililoegemea ukuta, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mtoni, akaaga.

Siku ya tatu Pimbi akabandika chungu. Maharage yakaiva kabla kuni ya pili haijashika moto. Watoto watatu, ambao siku mbili nzima walikuwa wakila matunda pori nyuma ya jabali na kunung'unika, wakala mpaka wakalala palepale na vijiko mkononi.

Siku ya nne, tindi, tindi, tindi. Hodi hodi. Maharage yako wapi? Yamelala majini. Yameamka? Yanaota. Lini? Kesho. Na kesho ikifika, mgeni yuko mtoni na watoto wako kwenye chungu. Ikawa hivyo mara moja, ikawa hivyo mara mbili, ikawa hivyo mara tatu. Kiboko akaanza kukonda. Ngozi ikampwaya, hata Mamba, ambaye hajawahi kumwonea mtu huruma, akamuuliza kama anaumwa. Kibaya zaidi, kila siku ya tatu harufu ya maharage ilishuka polepole kutoka majabalini, ikafika mtoni, ikamwingia puani, ikakaa.

Mwisho Kiboko akapiga hesabu yake. Jembe ni nini? Atakwatua mistari miwili mitatu, kisha atakula chungu kizima, na siku ya tatu itakuwa yake maisha yote. Akapanda, akapiga hodi, akasema safari hii haondoki. Akaagiza kiletwe chungu kikubwa, kile cha sherehe.

Hapo Pimbi akaogopa, na mimi sitawaficha. Chungu kikubwa kilimeza nusu ya maharage yaliyobaki. Kiboko akila chungu hicho, kisha aje ale kingine, watoto hawataiona mvua. Pimbi aliloweka, maharage mengine yakamwangukia chini, akayaokota moja moja. Siku ya pili, alipokwisha kuyafunika kwa majani ya mgomba, alimwacha Kiboko amesinzia uani, akazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, kwa Kanga, kwa Kobe, kwa Nungunungu. Kila mmoja Pimbi alimwambia neno hilohilo: kesho njoo mgeni kwangu, na ukija usije mikono mitupu.

Siku ya tatu kulipokucha, Pimbi alimpa Kiboko jembe kwa mikono miwili. Kiboko akashuka shambani. Ti! Ti! Ti! Udongo uliomshinda Pimbi miezi mitatu ukapasuka vipande. Kila mstari ukiisha aliinua kichwa.

"Yameiva, Mama Kokwa?"

"Bado kidogo. Ongeza mstari."

Ti! Ti! Ti!

"Yameiva?"

"Bado kidogo. Ongeza mstari."

Njaa ni msimamizi mkali. Kiboko alilima kama wakulima kumi, shamba likageuka jekundu mpaka mpakani.

Huku uani hodi zilifuatana. Kanga akaja na mahindi aliyoyaficha chini ya mayai yake. Nungunungu akaja na boga. Kobe, ambaye aliondoka kwake tangu jana, akaja na mchicha mgongoni na ndimu mbili mdomoni. Pimbi akachanganya mahindi na maharage, kwa kuwa hao ni ndugu, mmoja akikosa nguvu mwenzake humsaidia. Akatia boga, likalainika, mchuzi ukawa mzito. Mchicha akautia mwisho kabisa, akafunika, akahesabu mpaka ishirini, akaepua, akakamua ndimu.

Nungunungu akauliza kama hawatamngoja yule anayelima. Pimbi akasema yeye angependa sana, lakini mchicha haungoji mtu. Ukikaa chunguni lishe inapanda na mvuke, inakwenda mbinguni kwa wasioihitaji. Wakala.

Kiboko akapanda na jembe begani, jasho linamtiririka. Akamkuta Kanga anajipangusa mdomo. Akakuta chungu kikubwa, cha sherehe, kimekaa kifudifudi.

"Mimi je?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Pimbi akasimama. Mbele ya Kiboko alifika gotini.

"Bwana Kiboko, siku ya tatu umepokea jembe. Aliyepokea jembe si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani. Na sheria unaijua kutushinda sote: mgeni hula kwanza, mwenyeji hula kilichobaki. Leo nimepata wageni watatu."

"Kimebaki nini?"

"Vyombo."

Kiboko akaliegemeza jembe ukutani. Aligeuza sheria upande huu, akaigeuza upande ule, kote alikuta ni yeye aliyeilinda. Basi akaosha vyombo. Kwaru, kwaru, kwaru. Ukoko aliupata, tusimwonee.

Alipokuwa anaondoka akauliza, kwa adabu, kama siku ya nne anaweza kuja kupiga hodi. Pimbi akamjibu kwamba mtu hapigi hodi kwake. Aje wakati wowote, aingie tu, jembe liko palepale ukutani.

Hakuja tena. Mvua ilipofika ilikuta shamba limelimwa na maharage robo debe yamebaki, na watoto watatu wanene wamesimama mlangoni wakinyeshewa. Na kule mtoni Kiboko akaanza kula nyasi, na mpaka leo anakula nyasi, tena mbichi. Hakuna anayemlowekea.

Sasa mafunzo, maana najua mkifika nyumbani mtaulizwa mmefundishwa nini. Tazameni wenyewe. Aliyelima hakula. Waliokula hawakulima. Basi hadithi inatufundisha kwamba kulima ni hasara tupu, na mwenye akili akae kivulini akizungumzia lishe. Mama yenu akisikia kwamba nimesema hivyo, nitakana, na kesho asubuhi nitakuwa wa kwanza kuwaamsha mwende shambani.

Hadithi yangu nimeiepua. Ikiwa tamu, tumekula wote. Ikiwa imeungua, niachieni ukoko. Na mwenye zile karanga, nimeona ulizimaliza kimyakimya. Vyombo viko pale.