Kanga za Kifaru na Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, ukame uliingia nyikani, na wanyama wakaunda Chama cha Msaada. Mwenyekiti alikuwa Tembo. Wajumbe wa kamati walikuwa Kifaru na Nyati, madume watupu. Majike walipewa kazi ya kupika chai ya kikao, basi.

Magunia ya unga yalitundikwa juu mtini, mahali anapofika Tembo peke yake. Bi Pimbi, mdogo kama kiatu, akaenda kulalamika.

"Bwana Mwenyekiti, wanangu wamelala na njaa. Shusheni magunia. Na sisi majike tupeni viti kwenye kamati, tuwaambie nani hajala."

"Viti!" Tembo akacheka, ho! ho! ho! "Mama wee, hata ukikalia kiti, nani atakuona?"

Mara ikaja habari: Bi Korongo, mfadhili anayeleta unga, yuko njiani. Chama kisicho na majike kwenye kamati hatakipa tena hata punje.

Kamati ikahaha. Tembo akamwendea Bi Pimbi, sauti chini. "Mama, tutafutie kanga. Kubwa kubwa."

Bi Pimbi akaelewa upesi. Akaziazima kwa Bi Twiga, akaja nazo mbio.

"Inama, dada Kifaru, tufunike hiyo pembe! Dada Nyati, vuta tumbo! Na msiseme neno. Kwa sauti hizo, mkifungua kinywa tu mmeumbuka."

Bi Korongo akatua, pu! "Hawa ndio akina mama wa kamati? Haya, semeni, mna maoni gani?"

Tembo akakohoa.

"Wana haya," akasema Bi Pimbi akimimina chai. "Mimi huwasemea. Wamechoka na ujumbe wa kamati, wanataka kutuachia viti mimi na Bi Swala, mpika chai mwenzangu. Au sivyo, mashoga zangu? Anayepinga aseme!"

Kifaru akafura, fuuu! Nyati akakanyaga chini, kwatu! Lakini vinywa vilibaki vimefungwa.

"Na wewe, Mwenyekiti?" akauliza Bi Korongo.

Tembo akazitazama zile kanga. Akayatazama magunia.

"Mimi... sina neno."

"Basi imepita!" akasema Bi Korongo.

"Kazi ya kwanza," akasema Bi Pimbi, tayari yuko kitini, "Mwenyekiti, shusha magunia."

Pu! Pu! Yakashuka. Watoto wa Pimbi wakajitosa ungani, wakatoka na pua nyeupe.

Ndiyo hivyo, wanangu: chama cha kusaidia wote kiwape wote viti.