Mizoga Iliyofichwa Chemchemini

Mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha kabisa, wanyama wa bondeni walibakiwa na bwawa moja tu, lililolishwa na chemchemi ya kilimani. Wiki ya kwanza maji yalipungua. Wiki ya pili yalibadilika rangi. Wiki ya tatu yakaanza kunuka, na binti mdogo wa Sungura akashikwa na tumbo la kuhara.

Simba, ambaye hakupenda kuamshwa kwa ajili ya matumbo ya wengine, alimteua Fisi kuwa Mwangalizi wa Maji. Siku iyo hiyo Fisi akaitisha baraza.

"Ndugu zangu," alisema huku akijipangusa mdomo, "tusitafute mchawi. Wachafuzi ni kwato zetu wenyewe. Kila mmoja akinawa miguu kabla ya kunywa, maji yatatakata."

"Tunawe kwa maji gani?" akauliza Nyumbu.

"Hilo nalo ni jukumu lako binafsi."

Simba aliliafiki agizo hilo mara moja, kwa kuwa yeye hakuwa na kwato.

Sungura akasimama. "Bwana Mwangalizi, kwa nini tusifanye msaragambo, kazi ya pamoja, kama zamani? Tupande sote tukaikague chemchemi."

"Msaragambo!" Fisi akacheka. "Kwanza tuambie, huyo mwanao ulimnawisha?"

Baraza zima likaangua kicheko. Sungura akaketi, masikio yakimwaka kwa aibu. Hata hivyo, jambo moja lilimkaa kichwani: katika ukame ule uliowakondesha wote, Fisi peke yake alikuwa akinenepa.

Kesho yake asubuhi alipanda kilimani. Katika jicho la chemchemi aliikuta mizoga mitatu ya nyati, imezamishwa na kukandamizwa kwa mawe. Ndivyo ulivyokuwa ukoo wa akina Fisi: nyama ya akiba huificha majini, tai wasiione. Sungura alijaribu kuuvuta mmoja, haukutikisika. Akatambua pia kwamba neno lake peke yake, mbele ya mwenye cheo, lingekuwa jepesi vilevile kama mikono yake.

Akarudi barazani, akainama mbele ya Simba.

"Mtukufu, nimeona mzoga mmoja wa nyati pale chemchemini. Hauna mwenyewe. Naomba tuwape tai."

"Mmoja?" Fisi akaruka. "Na ile mingine miwili kaichukua nani?"

Wote wakamgeukia. Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Yaani... nilikuwa nakisia tu, jamani."

"Umekisia vizuri mno," akasema Nyumbu.

Simba alinguruma, hasa kwa kutambua kwamba naye alikuwa amekunywa mchuzi ule kwa wiki nzima. Alimvua Fisi cheo na kumwamuru akaitoe mizoga yake kwa mikono yake. Asubuhi iliyofuata wanyama wakapanda wote kwenda kushuhudia.

Fisi aliufunga mzoga kamba, akavuta tangu asubuhi hadi jua la utosini. Mzoga huo wa kwanza ulipanda hatua mbili, ukateleza, ukamrudisha majini.

"Jamani, njooni mnisaidie!" akalia. "Maji haya si yetu sote?"

"Juzi yalikuwa ya kila mmoja na kwato zake," akajibu Sungura.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wapo waliotaka aachwe humo mpaka amalize, hata kama angemaliza masika. Sungura alikuwa miongoni mwa waliocheka sana. Kisha akayatazama maji yaliyokuwa yakitiririka kuelekea bondeni, alikolala binti yake midomo ikiwa imemkauka. Akashuka, akashika kamba. Nyumbu akashika nyuma yake, na wengine wakafuata.

"Mtukufu," Nyumbu akaita, "nawe si unakunywa?"

Simba alijikung'uta manyoya ya shingoni kwa heshima zote, akashuka, akashika kamba.

Jioni mizoga yote ilikuwa imetoka, na Fisi akahukumiwa kuwa wa mwisho kunywa hadi mvua zirudi. Kosa lilibaki kuwa lake peke yake. Kazi haikuweza kuwa yake peke yake, kwa sababu waliokuwa na kiu hawakuwa na muda wa kumsubiri.