Hazina Isiyo na Mlango

Hapo zamani, kale ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia kwa kusimuliwa tu, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao, na majirani wa kugombana nao. Sogeeni. Na wewe huko nyuma, hadithi haiingilii puani, hebu toa kidole.

Mtawala wao alikuwa Kiboko. Enzi hizo fedha ilikuwa simbi, vile vikombe vidogo vyeupe vya baharini, na Kiboko alitoa amri simbi zote za nchi zikae nyumbani kwake, kando ya mto. "Kwa usalama wenu," alisema. Ukitaka kununua chochote, sharti uende mlangoni pake ukaombe simbi zako mwenyewe. Akipenda anakupa. Asipopenda, unarudi na kikapu kitupu.

Sasa alikuwapo Mama Kwale, mjane mwenye vifaranga wadogo. Siku moja kisimani akasema, "Jamani, mbona kila nikienda nakuta simbi zangu zimepungua?" Hakusema zaidi ya hapo. Maneno yakamfikia Kiboko kabla hata mtungi haujajaa.

Kesho yake Mama Kwale akabisha hodi kwa Kiboko.

"Shikamoo, mtukufu. Nimekuja kuchukua simbi za kununulia mtama."

"Simbi za nani?"

"Zangu, mtukufu. Kiangazi kimeingia, watoto hawana kitu."

"Mwenye domo hana simbi hapa," alisema Kiboko, na mlango ukafungwa ndi.

Mama Kwale alilia njia nzima. Hakujililia mwenyewe, maana yeye angejikaza. Lakini vifaranga walikuwa wameanza kusinziasinzia mchana, na mzazi yeyote anajua njaa ya namna hiyo inaishia wapi.

Akapita chini ya majabali ya Pimbi. Pimbi mnamjua: kadogo, hakana hata mkia wa kujivunia, kazi yake kuota jua. Ila ukoo wao una desturi moja. Mmoja akiona jambo, hulitangaza kutoka jabalini kwake, wa jabali la pili akarudia, wa la tatu akarudia, mpaka mlima mzima ukajua.

"Dada, kulikoni?" Pimbi akauliza. Mama Kwale akamweleza yote.

Pimbi akakuna shavu. "Kwani simbi zinaliwa?"

"Haziliwi."

"Sasa ni za nini?"

"Za kuonyesha kwamba nimefanya kazi, nastahili kupewa kitu."

"Kumbe ni kujulikana tu. Hilo tutajulishana wenyewe, dada yangu: nani ametoa ngapi, nani amepata ngapi. Nenda kampalilie mzee Nungunungu, mihogo yake imemezwa na magugu. Ukimaliza, mlete hapa."

Mama Kwale akapalilia, parapara, mpaka kucha zikauma. Mzee Nungunungu akapanda jabalini akihema, akatangaza, "Kutoka kwangu Nungunungu, simbi tano ziende kwa Mama Kwale!" Mlima wote ukarudia: tano, Mama Kwale, tano, Mama Kwale.

Alipofika kwa Tumbili muuza mtama, hakuwa na simbi hata moja mkononi. Tumbili akamkatiza kabla hajaanza kujieleza. "Nimesikia, mama. Lete kikapu." Akampimia. Jioni ile vifaranga walikula mpaka wakagombania nafasi ya kulala, na Mama Kwale akakaa mlangoni akiwatazama, moyo umejaa shukrani.

Basi mambo yakashika kasi. Kila aliyetoa alitangaza, na kila aliyesikia alirudia. Siku moja Nyani akajaribu kutoa simbi alizokwisha kutoa jana yake, mlima mzima ukamjibu, "Huna!" Akashuka kwa aibu.

Mlangoni kwa Kiboko pakawa peupe. Akachukua walinzi wake, Nyati wawili, na magunia matupu, akafika mlimani, tifu, tifu.

"Hazina yenu iko wapi? Leteni. Mkibisha, naanza na vifaranga wa huyu mwenye domo."

Mama Kwale akawafunika watoto kwa mbawa.

Pimbi akainama mpaka chini. "Mtukufu, hazina yetu haina mlango, wala haiingii guniani. Ila mwenye nyingi kuliko wote ndiye mkuu wake. Kwa sasa anaongoza Mama Kwale, ana simbi kumi."

Kiboko akacheka, kwa! kwa! kwa! "Kumi? Mimi nina vikapu kumi!"

"Basi wewe ndiye mkuu. Panda utangaze."

Akajikokota mpaka jabalini. "Mimi Kiboko nina vikapu kumi!"

Kimya, jii.

"Samahani, mtukufu," alisema Pimbi. "Mlima haurudii mpaka useme zilikotoka."

Jua lilikuwa linamchoma mgongo, na hawezi kushindwa na kwale. Akafoka, "Nilimpunguzia Kwale kidogo kidogo, vikapu viwili! Nungunungu kimoja! Na hawa walinzi wangu, kwenye ujira wao, vitatu! Vilivyobaki ni vya ninyi nyote!"

Hapo mlima ukarudia. Kwale viwili. Nungunungu kimoja. Walinzi vitatu.

Wale Nyati wakatazamana. Mmoja akaweka mkuki chini, taratibu. "Vya walinzi, mtukufu?"

Kiboko akateremka mbio, akajitupa mtoni, chubwi! Nyati hawakumfuata majini. Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwake wakafungua mlango, na kila mtu akachukua simbi zake.

Mama Kwale akapanda jabalini na vifaranga wake. Wote wakasubiri atangaze simbi ngapi, ziende kwa nani. Lakini machozi yalimtangulia. Aliweza neno moja tu: "Ahsante."

Nungunungu akalirudia. Tumbili akalirudia. Nyati wakalirudia kwa sauti zao nene, jabali kwa jabali, na Pimbi, aliyezoea kutangaza ya wengine, akajisogeza nyuma ya jabali lake kwa haya.

Nanyi shikeni hili, wajukuu zangu: jasho lako likijulikana na wengi, hakuna mmoja atakayeweza kulifungia mlango.