Mguu wa Ndovu Uliposema

Zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanaishi kwenye nyumba zenye milango, Ndovu na mkewe walikuwa na jirani mdogo, Pimbi. Sogeeni karibu, hadithi hii haitaki kelele.

Tabibu alimwambia Ndovu kwamba ana kisukari. Aache asali, atembee, na kila jioni atazame nyayo zake, maana ugonjwa huu hutia miguu ganzi. Ndovu akacheka.

"Mwili wote huu," alisema, "sukari itauanzia wapi?"

Mbele ya mkewe alikunywa chai isiyo na sukari. Mkewe akitoka tu, kibuyu cha asali kinatoka chini ya kitanda. Bibi Ndovu alijua, akamwendea Pimbi.

"Jirani, mume wangu anakwisha huku namtazama. Nisaidie."

"Niachie mlango wazi," Pimbi akasema.

Alasiri moja ukungu ulishuka, nyumba ikaingia giza mapema. Ndovu aliketi kitandani, miguu ikining'inia, akakivuta kibuyu. Gugu, gugu, gugu.

"Unakunywa tena," sauti nyembamba ikasema kutoka chini.

Ndovu akaganda. "Nani huyo?"

"Mguu wako wa kulia."

Ndovu akausogeza mguu nyuma. Nje hata ndege hakulia.

"Miguu haisemi," Ndovu alisema polepole.

"Nimekuita kwa maumivu, hukuitika. Nina mwiba. Unausikia?"

"Sisikii kitu."

"Basi mimi si wako tena. Nimeshaanza kufa, nawe utanifuata."

Ndovu alitetemeka hadi kitanda kikalia kwi, kwi, kwi. "Unataka nini, ndugu yangu?"

"Mwaga asali."

Akaimwaga dirishani, yote. Pimbi alikuwa karibu kufaulu kabisa, lakini vumbi la uvunguni likamponza, akapiga chafya. Chya!

Ndovu akasimama, akakiinua kitanda kwa mkonga.

"Kumbe ni wewe? Unanifanyia mchezo nyumbani kwangu? Nitakukanyaga." Akauinua mguu wa kulia juu yake.

Pimbi hakukimbia. Alikuwa anatetemeka, na si kwa kumwogopa Ndovu.

"Sauti ni yangu, mzee. Nilikuja kukudanganya. Lakini mwiba sikuubuni. Nimeukuta."

Ndovu akapeleka mkonga chini ya unyayo. Mwiba ulikuwepo, umezama wote, na nyama ya pembeni imeanza kuoza. Akausukuma. Hakusikia chochote. Akausukuma tena kwa nguvu, na hofu ikamshika ambayo hajawahi kuijua hata mbele ya simba.

Akaketi sakafuni.

"Jirani," alisema kwa sauti ndogo, "nitazamie na huu wa kushoto."

Kidonda kilichelewa sana kupona, na Ndovu hakuipenda chai ile hata siku moja. Lakini aliinywa, na kila jioni aliinua nyayo zake zitazamwe.

Hapa naikata hadithi, nanyi ondokeni na hili: kidonda kisichouma hutafutwa kwa macho, hakingojwi kiite.