Maji ya Majani

Zamda binti Abdi hakuwa na mume, maana alikwisha kufariki. Hakuwa na mbuzi wala kuku wa kutaga. Hakuwa na jino la mbele, hakuwa na viatu vya kwendea mkutanoni, na mpaka alipotimiza miaka arobaini na sita hakuwa na hata herufi moja kichwani. Barua ikimfikia aliipeleka kwa watu kusomewa, na habari zake zikaenea kijijini kabla yeye mwenyewe hajazielewa vizuri. Mwaka 1973, katika kijiji cha ujamaa huko Kwedizinga, ndipo alipojiunga na kisomo cha watu wazima. Baada ya miezi mitano aliweza kusoma kwa kuunganisha silabi, polepole, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Mwalimu wake aliitwa Elina, msichana wa Kishambaa aliyeshuka kutoka milimani Usambara na sanduku la mbao, mwavuli, na kinyonga mwenye pembe mbili puani. Siku alipomleta darasani kwa mara ya kwanza, wanafunzi, watu wazima wenye wajukuu, walipanda juu ya mabenchi. Mwalimu akamshikilia ubaoni karibu na herufi K, akasema, "Huyu hana sumu wala mkosi. Ana macho mawili, na kila jicho lina safari yake." Kwa kuwa kinyonga yule alitembea kwa maringo akikagua jani baada ya jani, jicho moja mbele na jingine nyuma, darasa lilimpa jina la Bwana Shamba.

Mwezi wa Oktoba, jua likiwaka kama tanuri, mwalimu Elina alishikwa na maumivu ya kidole tumbo. Ikabidi apelekwe hospitali Korogwe kupasuliwa. Kabla ya kupakiwa kwenye lori aliandika mistari mitatu, akamtia Zamda karatasi mkononi.

"Shikamoo mama," alisema kwa shida. "Nakuachia Bwana Shamba. Wenzako bado wanamwogopa. Wewe unajua kusoma sasa, yote nimeandika."

"Marahaba mwanangu. Nenda, Mungu akuponye. Nitamtunza kama yai."

Ilikuwa barua ya kwanza ambayo Zamda aliandikiwa akaisoma kwa kinywa chake mwenyewe. Alifunga mlango, akaketi, akafuata kila neno kwa kidole: "Anakula panzi wadogo. Anakunywa maji ya majani, asubuhi na jioni. Asipigwe na jua kali." Machozi yalimlengalenga kwa furaha.

Sasa, Kwedizinga nzima, ukitaja majani dukani, mwenye duka hakuulizi swali. Ananyoosha mkono anakupa pakiti ya chai. Zamda akachemsha maji, akatia majani, akachuja, akaacha ipoe. Akaiweka kwenye kisosi ndani ya tenga la kuku alimomfugia kinyonga. Bwana Shamba hakukitazama kile kisosi. Kesho yake vilevile, na keshokutwa.

"Wifi, umemtilia sukari?" aliuliza Hajira, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye utani kwake ulikuwa chakula.

"Barua haikutaja sukari."

"Ndiyo maana hanywi! Tangu lini Bwana Shamba akapita nyumbani kwa watu akakataa chai?"

Siku ya nne kicheko kilikwisha. Kinyonga alishuka kwenye tawi, akalala sakafuni mwa tenga mchana kweupe huku amefumba macho. Yale macho yaliyokuwa yametokeza kama vifuniko vya birika yalikuwa yamedidimia ndani ya fuvu. Ngozi yake ilikunjamana. Hajira alimhurumia, akakumbuka jinsi mama zao walivyowaosha watoto wachanga macho kwa chai iliyopoa. Wakachovya pembe ya kanga kuukuu, wakampangusa. Jioni jicho la kulia likavimba.

Habari ikamfikia Mzee Kibwana, mkuu wa kamati ya shamba la kijiji. Mzee huyu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa akizimezea mate zile saa za jioni ambazo wanawake walikaa darasani. Jumatano alifika kwa Zamda, akainama kwenye tenga, akatikisa kichwa.

"Huyu amekwisha, Zamda."

"Bado anapumua, mzee."

"Anaaga. Nisikilize. Vuli hii hapa, na mashamba hayajasafishwa. Ninyi kila saa kumi mnakaa mnaimba a, e, i, o, u. Mwalimu kakuachia barua, umeisoma, na mdudu anakufa kwa barua hiyohiyo! Ijumaa baada ya sala nitalisema mkutanoni. Kama kusoma kwenu hakuwezi kumnywesha hata kinyonga, saa kumi ni ya jembe."

Zamda alijua kwamba maneno hayo yangepokewa kwa mikono miwili. Waume wengi walikuwa wakingoja kisingizio tu. Kinyonga akifa, darasa linakufa, na Elina akirudi atakuta mabenchi matupu. Usiku ule hakupata usingizi wa kueleweka.

Alhamisi asubuhi alilitoa tenga nje, akaliweka kivulini nyuma ya nyumba, akamrudisha Bwana Shamba juu ya tawi bichi la mpera. Aliisoma tena ile karatasi, mara ya kumi labda. Haikubadilika. Akaibana chini ya kigoda, akaanza kuosha kisamvu cha mchana. Alipokung'uta fungu la kwanza, maji yalirukia tenga, na tone moja likaning'inia kwenye ncha ya jani la mpera.

Jicho la kushoto la kinyonga likafumbuka.

Zamda akaacha mikono hewani. Lile jicho lilizunguka taratibu, likakipita kisosi cha chai kilichokuwa vidole viwili tu kutoka alipo, likatua kwenye tone. Kinyonga akanyoosha shingo, akafungua kinywa, akalilamba. Akatafuta jingine.

"Maji ya majani," Zamda alinong'ona. Kisha akapiga kelele, "Wifi! Hajira wee! Maji ya majani! Si chai! Ni maji yaliyoko juu ya majani!"

Hajira alitoka mbio, mwiko mkononi. "Kwani kuna maji mengine?"

"Huko kwao milimani ukungu unalowesha majani kila kukicha. Huyu hajui kisosi wala bakuli. Anakunywa kinachodondoka!"

Zamda alitafuta kopo tupu la maziwa, akalitoboa kwa msumari mwembamba, akaziba tundu kwa kijiti ili maji yavuje tone moja moja, akalitundika juu ya tenga.

"Sisi tunakwenda lamboni mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani," Hajira alinung'unika, "halafu wewe unamnyeshea mjusi mvua."

Hata hivyo, kopo lilipokwisha ni Hajira aliyelijaza, kwa maji ya mtungi wake mwenyewe.

Kinyonga alikunywa, akapumzika, akanywa tena. Alasiri Zamda alimnyunyizia kwa vidole, laini kama manyunyu. Ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona: lile jicho lililovimba lilijaa likatuna, likajizungusha mara nyingi, kisha kinyonga akalisugua kwenye tawi mpaka ukatoka uzi mwembamba wa kanga. Zamda aliona haya. Dawa yao wenyewe ndiyo iliyokuwa imemtia ugonjwa.

Ijumaa, kabla ya mkutano, Mzee Kibwana alikuja na wazee wawili kuushuhudia mzoga. Walimkuta Bwana Shamba juu kabisa ya tawi, kijani kibichi, macho yote mawili yametokeza.

Kibwana alirudi hatua moja. "Ananitazama mimi au yule inzi?"

"Wote wawili, mzee."

Ulimi ukafyatuka, inzi akatoweka. Wazee wakaangua kicheko, na Kibwana mwenyewe akashindwa kujizuia.

"Nani alikufundisha dawa hii?"

"Hakuna, mzee. Barua ilisema kweli, ila mimi niliielewa kombo. Nilipotulia nikamwangalia yeye, ndipo nikaelewa ilichosema."

Kibwana alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kushindwa kwa heshima. "Basi saa kumi ni yenu," alisema. "Lakini saa kumi na mbili asubuhi nataka kuwaona na majembe." Na mkutanoni hakulitaja darasa ila kwa kulisifu.

Jumamosi Zamda aliazima kalamu, akaandika barua ya kwanza maishani mwake. Ilimchukua kutwa nzima. "Mwalimu Elina, salaamu sana. Bwana Shamba mzima. Nilimpa chai, nisamehe. Sasa anakunywa majanini. Nilikuwa naona giza kwenye karatasi, wewe umenipa mwanga. Asante mwanangu. Asante tena. Hata nikiandika mpaka wino uishe, asante haitatosha. Pona urudi, mabenchi yamejaa. Mimi Zamda Abdi."

Aliikunja mara mbili, akaitia katika bahasha, akaifunga kwa uji mzito wa muhogo, akaukandamiza ukingo kwa kidole gumba mpaka ukashika. Lori la pamba lililokuwa likielekea Korogwe lilisimama penye duka. Akamkabidhi dereva bahasha mkononi, naye akaitia mfuko wa shati, akawasha gari, akaondoka.

Karatasi ilimwambia, wifi alimwambia, mzee alimwambia. Lakini uhai wa kinyonga na wa darasa uliokolewa asubuhi ile Zamda alipoacha kuambiwa akaangalia. Hakika, mwenye macho haambiwi tazama.